Mchakacho wa santuri za jazz: kabla hujaufuta

Tangu tarehe 1 Januari 2024, rekodi zilizotolewa Marekani mwaka 1923 ni mali ya umma nchini humo. Katika fungu hilo zimo santuri ambazo King Oliver na Creole Jazz Band yake walirekodi kwa kampuni ya Gennett mjini Richmond, Indiana, kuanzia Aprili mwaka huo, Louis Armstrong akiwa bado kijana wa kornet ya pili. Kila Januari mwaka mmoja zaidi unafunguliwa, na zamu ya 1928 itafika 2029. Sasa mtu yeyote mwenye kompyuta na programu ya kusafisha sauti anaweza kuchukua jazz ya kale, kuisugua apendavyo na kuisambaza. Wengi wamefanya hivyo, na si wachache waliosugua mpaka wakafika kwenye nyama.

Ndiyo maana ubishi wa siku nyingi umefufuka. Ule mchakacho wa santuri, ile sauti ya vitumbua vikikaangwa inayopita chini ya muziki kuanzia sindano inapogusa mpaka inapoinuliwa, ufutwe au uachwe? Kambi moja inasema ufutwe, kwa sababu ni uchafu. Ya pili inasema uguswe kidogo sana au usiguswe kabisa. Hii ya pili imezoea kuchekwa. Huambiwa kwamba inaabudu vumbi, kwamba ni wazee wanaoona fahari kusikia tabu. Nadhani inasingiziwa.

Lakini tuanze na wasafishaji, maana hoja zao ni nzito. Mchakacho haukuwamo chumbani siku ya kurekodi. Umo ndani ya santuri yenyewe. Santuri ya shelaki, ule utomvu mgumu wa santuri za kale, si shelaki tupu: sehemu kubwa ni unga wa mawe, pamoja na masizi ya kuitia weusi na nyuzi za pamba za kuishikiza. Unga huo uliwekwa makusudi, usage ncha ya sindano ya chuma mpaka ikae sawasawa kwenye mfuo, yaani ule mchirizi unaobeba sauti. Kitu kinachosaga chuma kitaachaje kupiga kelele? Kisha kuna kampuni kama Paramount ya Wisconsin, tanzu ya kiwanda cha viti, iliyotumia malighafi duni, na ambayo mabamba yake mengi ya chuma ya kuchapia santuri yalipotea au kuuzwa kama chakavu. Kwa rekodi zake nyingi za mwimbaji wa blues Ma Rainey kilichobaki ni santuri zilizochezwa mpaka zikachoka. Mpe kijana mwenye spika za masikioni santuri ya namna hiyo ikiwa ghafi, atavua baada ya nusu dakika, na huwezi kumlaumu.

Hoja yao bora kuliko zote ni hii: msikilizaji wa 1928 hakuusikia mchakacho kama tunavyousikia sisi. Gramafoni yake ya kutia ufunguo, yenye sindano ya chuma na pembe, haikuweza kutoa sauti nyembamba za juu. Kelele nyingi ziliishia humo ndani. Spika za leo ndizo zinazozimwaga zote sebuleni. Kwa hiyo, wanasema, kufuta ni kurudi karibu na alichosikia yeye.

Hoja hiyo inavutia, ila ina tundu. Pembe ile ilikata sauti nyembamba za kelele na za muziki kwa pamoja, sawasawa, tangu mwanzo wa santuri hadi mwisho. Ukitaka kusikia hivyo leo, zungusha kitufe cha sauti nyembamba kwenye amplifaya yako, umemaliza, na kesho unaweza kukirudisha. Programu ya kusafisha haifanyi hivyo. Huamua kila sehemu ndogo ya sekunde nini kibaki na nini kitupwe, na ikishatoa faili, kilichotupwa hakirudi.

Kabla ya programu, hata hivyo, kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno. Sehemu kubwa ya kelele inayolaumiwa santuri ni ya mchezeshaji.

Tuanze na ncha ya sindano. Ya santuri za LP ina nusu kipenyo cha kama sehemu 0.7 hadi 1 ya elfu ya inchi, yaani mikroni 18 hadi 25. Mfuo wa santuri ya 78, yaani hizi za shelaki, unahitaji ncha ya karibu sehemu 3 za elfu, mikroni 76. Ukitumbukiza ile ndogo, inaangukia sakafuni mwa mfuo, penye vumbi na unga uliosagwa miaka tisini, huku ikigonga ukuta huu na huu kama jiwe ndani ya debe. Muziki uko kwenye kuta, si sakafuni. Anza na 3. Kama kuta zimelika mahali ambapo sindano za chuma zilipita, jaribu 2.5, ikae chini ya palipolika, au 3.5, ipande juu yake. Uzito wa gramu 3 hadi 5 kwenye mkono wa mashine unatosha kwa katriji (vichwa vya kubebea sindano) nyingi za kisasa zilizotengenezwa kwa kazi hii. Kila ncha isikilize kwa sekunde ishirini, si mwanzoni mwa santuri ila karibu na mwisho, penye sauti kubwa, maana huko ndiko uharibifu hujitokeza. Tofauti kati ya ncha mbaya na ncha nzuri hushinda chochote ambacho kompyuta itakufanyia baadaye.

Pili ni kuosha. Usitumie spiriti kamwe. Fundi samani anajua kwa nini: vanishi ya shelaki hutengenezwa kwa kuiyeyusha shelaki ndani ya spiriti, na santuri yako itayeyuka vivyo hivyo. Maji yaliyokenekwa, tone la sabuni laini ya vyombo, brashi laini inayofuata mfuo, lebo ikilindwa isilowe, kisha suuza na ukaushe vizuri kabla ya kucheza. Iliyopasuka iache bila maji, yataingia ndani ya ufa na kuuvimbisha.

Tatu, karibu santuri zote za jazz za wakati huo zilikatwa kwa mtetemo wa kulia na kushoto tu. Katriji ya stereo husoma pia wa juu na chini, ambao humo ni kelele tupu. Ukiunganisha njia mbili za katriji kuwa moja, mtetemo wa juu na chini unajifuta wenyewe bila programu yoyote. Ila kabla hujaunganisha, sikiliza kila ukuta peke yake. Mara nyingine mmoja umelika na mwingine ni mzima, basi tumia ule mzima tu.

Nne ni mizani ya besi na sauti nyembamba. Kipimo cha RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, kilichomo kwenye amplifaya za santuri ni cha kuanzia miaka ya 1950, na kwenye mitetemo 10,000 kwa sekunde hushusha sauti kwa desibeli 13.7. Santuri ya umeme ya 1928, yaani iliyorekodiwa kwa maikrofoni, haikukatwa kwa kipimo hicho. Ukiipitisha humo, inaziba kama mtu anayeimba ndani ya shuka. Wengi wanaodhani kwamba jazz ya kale "ndivyo ilivyo" wamezoea kosa hili tu.

Tano ni kasi. Neno 78 ni la jumla: kiwango kilichotokana na mota za umeme wa Marekani ni mizunguko 78.26 kwa dakika, na kabla ya enzi ya umeme kila kampuni ilikuwa na yake. Santuri iliyokatwa kwa 80 ukiicheza kwa 78.26 inashuka karibu robo tatu ya njia ya kufika robo toni. Masikio ya kawaida hayaoni ajabu, ila ukijaribu kupiga piano juu yake utajua. Wapuliza tarumbeta na klarineti wa New Orleans walipenda funguo za B fleti, E fleti, F na A fleti. Wimbo ukitua katikati ya E fleti na E, usimlaumu mpigaji, angalia mashine.

Ukifanya yote haya kwa uangalifu, mchakacho unaobaki ni mdogo kiasi cha kushangaza. Hapo ndipo swali la kufuta linaanza kwa haki, na hapo ndipo wanaosema "uache" wanapoeleweka.

Tutenganishe kelele mbili. Kuna vidoko, yaani ile milio mifupi ya ghafla inayotokana na mkwaruzo au shimo. Na kuna mchakacho wenyewe, unaoendelea bila kukoma. Kwa vidoko, hata wahafidhina wengi hawabishi. Mwingereza John R.T. Davies, mpigaji aliyekuwa mmoja wa bendi ya Temperance Seven na aliyefariki 2004, ameheshimiwa kuliko karibu wote waliohamisha santuri za jazz ya zamani kwenye utepe, naye alikuwa akivitoa kimoja kimoja: anahamisha santuri kwenye utepe, anatafuta mahali hasa penye kidoko, kisha anakwangua pale kwa wembe ule unga wa sumaku uliobeba sauti. Kazi ya kichaa, lakini kila uamuzi ulipita kwenye sikio la mtu aliyeujua muziki.

Programu inayojiendesha haina sikio hilo. Inatafuta mruko wa ghafla katika wimbi la sauti. Tatizo ni kwamba tarumbeta nayo hutoa mawimbi yenye vilele vikali, vya upande mmoja, kila midomo inapofunguka. Kipimo kikipanda juu kidogo, programu inaanza kung'oa vilele vya tarumbeta na kujaza pengo kwa makisio. Matokeo ni mkoromo mwembamba juu ya noti, kama spika iliyopasuka. Ukiusikia kwenye Armstrong aliyesafishwa, usidhani santuri ilikuwa mbovu. Mara nyingi ni usafi huo.

Chukua "West End Blues", iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928 kwa kampuni ya OKeh. Inaanza na tarumbeta ya Armstrong peke yake, bila piano wala banjo ya kuificha. Hapo programu inayopunguza kelele huonekana wazi kuliko popote: kila noti inapoingia mchakacho unafunguka nayo, kila anapovuta pumzi unafungwa, na unachosikia ni mlango unaofunguliwa na kufungwa badala ya mtu anayepuliza. Mbele kidogo Fred Robinson anapiga tromboni, na nyuma yake Zutty Singleton anagonga vituazi vyake vidogo vya mkononi, akivibana visilie: kok, kok, kok. Kila pigo moja ni fupi, kavu, la ghafla. Kwa programu ni kidoko. Na wimbo mzima unaishaje? Baada ya piano ya Earl Hines na baada ya ile noti ya juu ambayo Armstrong anaishikilia karibu bari nne, sauti ya mwisho kabisa kwenye santuri ni pigo moja la Zutty. Nukta ya sentensi. Ukiweka kipimo vibaya, mashine inaifuta nukta na kuuacha wimbo ukining'inia, na msikilizaji ambaye hajawahi kusikia santuri yenyewe hatajua kuna kilichokosekana.

Mambo huwa magumu zaidi kwenye mchakacho wenyewe. Programu huomba sampuli ya kelele tupu, kawaida nusu sekunde hivi ya mfuo wa mwanzoni kabla ya muziki. Inaipima katika kila ukanda wa sauti, halafu inatoa kiasi hicho kwenye wimbo mzima. Lakini santuri ya inchi 10 inazunguka kwa kasi moja huku sindano ikielekea katikati, ambako mzunguko ni mdogo. Kasi ya mfuo chini ya sindano inaposhuka kufika mwisho huwa imepungua chini ya nusu ya ile ya mwanzoni. Kelele nayo inabadilika sura. Sampuli ya nje inakuwa kipimo kibovu cha ndani: mwanzoni inatoa sawasawa, mwishoni inatoa kisichokuwapo na kuacha kilichopo. Zaidi ya hapo, mchakacho hautulii, unapanda na kushuka kila wakati. Ukitoa wastani wake, vinabaki vilele vilivyouzidi wastani, vikitapakaa huku na huku, na sikio huvisikia kama maji yanayodondoka ndani ya bomba. Kelele ya zamani ilikuwa ya shelaki. Hii mpya haikuwahi kuwapo duniani.

Na kinachotolewa pamoja nayo ni nini? Vumo la tuazi baada ya kugongwa, mpapaso wa brashi kwenye ngoma, hewa inayopita kando ya ulimi wa klarineti, na chumba chenyewe, yaani ule mwangwi mdogo unaokuambia kuta ziko mbali kiasi gani. Vyote hivi vinaishi ghorofa moja na mchakacho, vikiwa na sauti ndogo. Sikio la binadamu linaweza kuvifuata hata vikiwa chini ya kelele, kama unavyomfuata mwenzako anayeongea ndani ya daladala iliyojaa. Programu ikishakata, hakuna cha kufuata tena. Wapo wanaosema kwamba rekodi ikisafishwa sana inasikika "imekufa", na wengine hudhani ni hisia tu. Si hisia. Chumba kimeondolewa.

Kosa kama hilo lina upande wake wa pili, nao ni kuongeza chumba kisichokuwapo. Katika miaka ya 1980 Robert Parker wa Australia alihamisha jazz ya miaka ya 1920 na 1930, akapunguza kelele, akaigawa iwe kama stereo na kuitia mwangwi. Lazima tumpe haki yake: aliwaleta watu wengi kwenye muziki ambao wasingeugusa. Lakini waliompenda mpiga kornet Bix Beiderbecke kupitia kazi hiyo walipenda pia ukumbi ambao Bix hakuwahi kuingia.

Kuna sababu nyingine ya kusita, nayo ni kwamba hatujui leo kipi ni kelele na kipi ni habari. Mwezi Februari 1932 kampuni ya Victor ilimrekodi Duke Ellington kwa mashine mbili zikikata sahani mbili za nta kwa wakati mmoja, kila moja ikilishwa na maikrofoni yake. Nusu karne hivi baadaye wakusanyaji Steven Lasker na Brad Kay walilinganisha santuri mbili zilizodhaniwa ni nakala za kitu kilekile, wakakuta zinatofautiana kidogo mno. Walipozioanisha, wakapata stereo ya kweli ya 1932. Tofauti zilizowaongoza zilikuwa ndogo, za aina ambayo usafi mkali huzifanya zote zifanane.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani hili ni la Wamarekani tu. Mwaka uleule wa "West End Blues", 1928, Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay kwa ajili ya His Master's Voice, nazo ni santuri za shelaki, zenye unga uleule wa mawe. Vikengele vya rika, yaani tari ya taarab, na kucha ya udi vinakaa palepale vinapokaa vituazi vya Zutty.

Je, basi tusiguse kitu? Hapana, na hapa siko pamoja na wahafidhina hadi mwisho. Santuri ya Paramount iliyokwisha inahitaji msaada, na kumnyima msikilizaji mpya msaada huo ni kumfukuza. Ninachodai ni mpangilio. Hifadhi kwanza faili ghafi: biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, njia moja, dakika tatu. Ni kama megabaiti 52, chini ya video fupi ya simu, kwa hiyo kisingizio cha nafasi kimekwisha. Mradi wa Great 78 wa Internet Archive, ambao kampuni kubwa za rekodi ziliushtaki mwaka 2023, ulionyesha njia: kila upande ulihamishwa kwa sindano nne za ncha tofauti kwa mpigo, bila kusuguliwa, msikilizaji achague. Ukiwa na nakala mbili nzuri za santuri moja, zioanishe. Muziki unajumlika kikamilifu na kelele hazijumliki hivyo, unapata desibeli 3 bila kufuta lolote, ingawa kuzioanisha kwa usahihi wa kutosha kunaweza kukula siku nzima. Vidoko vitoe kwa mkono, na programu ikae mbali na tarumbeta. Mchakacho ushushe desibeli 3 au 4 tu, kwa sampuli mbili, moja ya mwanzoni na moja ya mwishoni mwa upande. Wanaoshusha 12 au 15 hawasafishi tena.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Programu nyingi zina kitufe cha kusikiliza kinachotolewa badala ya kinachobaki. Kama yako haina, geuza wimbi la faili safi juu chini, lijumlishe na lile ghafi, na tofauti itabaki peke yake. Sikiliza hilo jalala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Likiwa ni sauti ya vitumbua tu, endelea. Ukisikia kivuli cha tarumbeta, rudisha kipimo nyuma. Na mwishoni kabisa mwa "West End Blues", ukisikia kok moja, anza upya.